Bustani ya Heidelberg haikupotea, dada yangu: ulisimama juu yake

Msomaji wetu anayeishi Mannheim, Ujerumani, ameniandikia hivi: "Jumamosi nilipanda treni na wanangu wawili kwenda Heidelberg kuona magofu ya ngome. Nilikuwa nimesoma kwamba bustani yake, Hortus Palatinus, iliwahi kuitwa ajabu ya nane ya dunia. Tulizunguka saa nzima. Tuliona nyasi, kuta ndefu, miti mikubwa, na mzee wa jiwe aliyejilaza bwawani. Mwanangu akaniuliza, 'Mama, bustani yenyewe iko wapi?' Nikakosa la kumjibu. Je, tulikosea njia? Na kama bustani imekufa, kwa nini Wajerumani, na fedha zao zote, hawaijengi upya?"

Dada yangu, hamkukosea njia. Mlikuwa ndani ya bustani muda wote huo, na mlichokuwa mkikikanyaga ndicho kilichowagharimu walioijenga kuliko kitu kingine chochote. Nimefanya kazi ya kuhifadhi majengo ya kale na viwanja vyake kwa miaka mingi, na katika bustani zote za kihistoria nilizowahi kuzitembelea, hii ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Watu hutafuta maua. Maua pale yalikuwa nakshi tu ya juu. Bustani yenyewe ni ule uwanda ulio sawa kama sakafu, na kuta zinazoushikilia usiporomoke.

Hebu kumbuka mlivyopanda. Ngome iko ubavuni mwa mlima Königstuhl, kama mita 80 juu ya mji na Mto Neckar. Mlima ule unashuka kwa kasi hadi mtoni. Sasa jiulize: katika mteremko kama huo, uwanja mpana ambao watoto wanaweza kukimbizana bila kuteleza ulitoka wapi? Mungu hakuuumba hivyo. Kabla ya 1614 upande ule palikuwa na mwamba, miti na bonde. Watu waliuvunja mwamba, wakalijaza bonde kwa kifusi, wakainua kuta, hadi ubavu wa mlima ukawa ngazi kubwa kubwa, kila ngazi ikiwa na upana wa uwanja.

Aliyeagiza kazi hiyo alikuwa kijana. Friedrich V, mtawala wa Palatinate, dola ndogo ya Kijerumani ambayo makao yake makuu yalikuwa Heidelberg, alikuwa mmoja wa wale watawala wachache wa Kijerumani waliokuwa na kura ya kumchagua Kaisari. Februari 1613, akiwa na miaka 16, alimwoa London Elizabeth Stuart, binti wa Mfalme James wa Uingereza na Uskoti, naye wa umri uleule. Binti huyo alikuwa ametoka kwenye majumba yenye bustani za kifahari, na Heidelberg ilikuwa na ngome ya kivita iliyobanana juu ya mlima, isiyo na mahali pa kutembea jioni. Friedrich akaanza kumjengea. Kwanza upande wa magharibi, ambako juu ya boma palikuwa pamewekwa mizinga, pakageuzwa kiwanja cha kupunga upepo, na 1615 likasimamishwa pale lango lenye jina la Elizabeth, ambalo bado lipo. Wenyeji husimulia kwamba lilijengwa kwa usiku mmoja ili bibi huyo alikute asubuhi ya siku yake ya kuzaliwa. Waashi wanajua hilo haliwezekani, lakini simulizi hiyo inakuonyesha watu walivyouona upendo wa wale wawili.

Kwa bustani kubwa aliitwa Salomon de Caus, Mfaransa Mprotestanti, mhandisi wa maji na mitambo. Elizabeth alimfahamu tangu kwao, maana de Caus alikuwa amemfundisha kaka yake, mwanamfalme Henry, aliyefariki 1612. Mtu huyu hakuwa mtunza maua. Mwaka 1615, akiwa katikati ya kazi ya Heidelberg, alichapisha kitabu kuhusu nguvu zinazoendesha mitambo, na ndani yake akaonyesha jinsi maji yanavyoweza kupandishwa juu kwa nguvu ya moto na mvuke. Ukimpa mtu wa akili hiyo mlima, hataanza na mbegu. Ataanza na swali la uzito.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye siri ya pale mahali. Ukuta unaozuia udongo si kama ukuta wa nyumba. Ukuta wa nyumba hubeba uzito unaoshuka chini. Ukuta wa bustani ya mlimani husukumwa kutoka nyuma, mchana na usiku, na udongo unaotaka kurudi kwenye mteremko wake wa asili. Udongo ukiwa mkavu, msukumo huo unavumilika. Ukilowa, unakuwa mzito, na maji yenyewe yanaongeza msukumo wa kwao. Kwa hiyo adui wa kwanza wa bustani ile alikuwa mvua, zaidi ya mizinga. De Caus alilazimika kujenga kuta nene, kuziegemeza kwa nguzo na matao, na kuyapa maji ya mlimani njia ya kutokea. Nayo maji hayohayo, badala ya kuyafukuza tu, akayatumia kuendesha chemchemi. Mara nyingine mkienda, shukeni chini ya uwanja mkubwa mtazame ukuta kutoka mguuni. Utaona urefu wake, na utaelewa kwamba watoto wako walikuwa wakicheza juu ya jengo.

Juu ya sakafu hiyo ndipo zilipowekwa starehe. Vitalu vya maua vilipangwa kwa nakshi, kama mkeka uliosukwa kwa rangi, ili vitazamwe kutoka ngazi ya juu. Kulikuwa na mapango ya kutengenezwa, ya baridi na giza, yenye maji yanayotiririka ndani. Kulikuwa na mpango wa kinanda kinachopigwa kwa nguvu ya maji, bila mkono wa mtu. Kulikuwa na sanamu ya Memnon, yule wa hadithi za kale anayetoa sauti jua linapomgusa, na de Caus alibuni mtambo wa joto la jua na maji ili sanamu hiyo ilie kwelikweli. Na kulikuwa na michungwa. Kwetu mchungwa ni mti wa uani. Kule, theluji ikianguka, mchungwa unakufa. De Caus hakutaka kuiweka yote kwenye vyungu, akaipanda ardhini, na kila baridi ilipokaribia mafundi wakaisimamishia nyumba ya mbao yenye majiko ya moto, kisha masika yakija wakaibomoa nyumba, miti ikabaki uwanjani kama vile imeota Uhispania. Kila nikifika pale nafikiria hao mafundi wasiojulikana majina, wanaojenga na kubomoa nyumba ileile kila mwaka ili miti isisikie baridi.

Sasa sikiliza jambo ambalo nadhani litakujibu nusu ya swali lako. Bustani hii haikuwahi kukamilika.

Mwaka 1619 Waprotestanti wa Bohemia, nchi ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki, walimpa Friedrich taji lao. Akalipokea, akaondoka na mkewe kwenda Praha, na kazi ya bustani ikasimama. Novemba 1620 jeshi lake likashindwa vibaya katika vita vya Mlima Mweupe, nje ya Praha. Alikuwa amekaa kwenye kiti kwa mwaka mmoja tu, wenye majira ya baridi mara moja, ndiyo maana historia inamwita Mfalme wa Majira ya Baridi. Septemba 1622 majeshi ya Jenerali Tilly, wa upande wa Wakatoliki, yaliiteka Heidelberg, na mwaka uliofuata maktaba yake mashuhuri ikapakiwa na kupelekwa Roma kwa Papa. Friedrich alifia uhamishoni 1632. Elizabeth aliishi Uholanzi kama mkimbizi kwa miaka mingi, akafa London 1662. Bustani aliyojengewa aliifaidi miaka michache mno. (Mjukuu wake, George, ndiye aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza 1714, na ukoo wa kifalme wa huko hadi leo unapitia kwake. Waambie wanao hilo, watoto hupenda.)

Ile sifa ya ajabu ya nane ya dunia, basi, ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwenye karatasi. Mwaka 1620, vita vikiwa vimeshaanza, de Caus alichapisha Frankfurt kitabu cha michoro ya bustani nzima, ngazi kwa ngazi, pango kwa pango. Mchoraji Jacques Fouquières naye akachora picha kubwa ya rangi, ngome na bustani zikionekana kutoka juu kama ndege anavyoziona, kila kitu kimekamilika na kung'aa. Picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Kurpfälzisches, hapohapo Heidelberg, na ningekushauri uanzie kwake kabla ya kupanda mlimani. Ila itazame ukijua kwamba inachanganya kilichojengwa na kilichotarajiwa. Wageni wengi huja na picha hiyo kichwani, kisha wanaulaumu uwanja kwa kutofanana nayo. Uwanja haujawahi kufanana nayo hata siku moja.

Magofu yenyewe yalikuja baadaye. Mwanzo wake ni ndoa nyingine. Liselotte, mjukuu wa Friedrich na Elizabeth, aliolewa 1671 na ndugu wa Louis XIV wa Ufaransa, na ukoo wake ulipokosa mrithi wa kiume, Louis akadai ardhi kwa jina la shemeji yake huyo, bila Liselotte mwenyewe kuridhia. Machi 1689 askari wa Kifaransa wakaichoma ngome na sehemu ya mji. Mwaka 1693 wakarudi, wakatega baruti chini ya minara. Mnara ulio karibu na bustani, uliokuwa na kuta za unene wa zaidi ya mita 6, haukusambaratika. Ulipasuka, na upande mmoja ukateleza mzimamzima hadi kwenye handaki, ukalala pale kama kipande cha boga kilichokatwa kwa kisu. Bado umelala. Nina hakika wanao waliuona.

Na hapa unaingia mji wenu. Mwaka 1720 mtawala Karl Philipp, akiwa amekorofishana na watu wa Heidelberg kuhusu dini, alihamishia makao yake Mannheim. Lile kasri kubwa mnalolipita mjini, lenye chuo kikuu leo, ndilo lililochukua nafasi ya ngome ya mlimani. Mrithi wake Karl Theodor alifikiria kurudi Heidelberg na akaanza matengenezo, lakini Juni 24, 1764 radi ilipiga, moto ukaikamilisha kazi ya baruti. Baada ya hapo wenyeji walipanda na mikokoteni kuchukua mawe ya kujengea nyumba zao. Siwalaumu. Jiwe lililochongwa tayari ni mali, na hakuna aliyewaambia kwamba lina thamani nyingine.

Aliyewaambia alikuwa mgeni, tena Mfaransa. Charles de Graimberg alifika 1810 kuchora magofu, akapanga kukaa muda mfupi, akabaki hadi kifo chake 1864. Alizuia watu kubeba mawe, akakusanya vitu vya kale kwa fedha zake, akachapisha michoro yake ikasambaa Ulaya nzima. Watu walipoanza kuja kuangalia magofu, magofu yakapata mlinzi. Wakati huohuo, mwanzoni mwa karne ya 19, uwanja wa de Caus ulipandwa miti ya aina nyingi na kuwa mahali pa wananchi kutembea. Septemba 1815 mshairi Goethe alitembea humo pamoja na Marianne von Willemer, mwanamke aliyempenda na ambaye hakumwona tena baada ya siku hizo, na jina la mti wa ginko, ambao aliutungia shairi kwa ajili yake, limeshikamana na mahali pale tangu wakati huo. Kwa hiyo miti uliyoiona nayo ina historia yake, na ina karibu miaka mia mbili ya kuwa bustani ya umma. Bustani ya Friedrich haikufikisha hata mitano.

Sasa nije kwenye fedha za Wajerumani. Hawakukosa fedha wala mafundi. Walibishana, na ubishi huo ni miongoni mwa mambo yaliyounda taaluma yangu. Mwaka 1883 serikali ya Baden, dola ya Kijerumani iliyoimiliki Heidelberg wakati huo, iliunda ofisi ya wajenzi, wakapima na kuchora magofu yote, jiwe kwa jiwe. Swali likawa: baada ya kupima, tujenge? Msanifu Carl Schäfer alipewa jengo moja, lile la Friedrich IV, akalirudishia paa na vyumba kuanzia 1897 hadi miaka michache baada ya hapo. Kisha akataka kuendelea na jengo la Ottheinrich, lile lenye uso wa sanamu nyingi na madirisha yanayoonyesha anga. Ndipo 1901 Georg Dehio, profesa wa historia ya sanaa, alipoandika kupinga kwa nguvu. Msimamo wake ulikuwa kwamba kazi yetu ni kuhifadhi, si kurudishia. Kilichobaki ni ushahidi, na ukijenga juu yake kwa kubuni, unaufuta ushahidi na kuweka dhana ya karne yako mahali pake. Dehio alishinda. Jengo la Ottheinrich halina paa hadi leo.

Mimi niko upande wa Dehio, na kwa bustani naona hoja yake ina nguvu hata kuliko kwa majengo. Ili uirudishie Hortus Palatinus, ungelazimika kukata miti ya karne ya 19 na kufuta njia alizopita Goethe. Ungelazimika kuchimba uwanja ambao chini yake bado kuna mabomba, misingi na mitaro ya de Caus mwenyewe. Na baada ya hasara hiyo yote, ungejenga nini? Ungejenga michoro ya kitabu cha 1620, yaani kitu ambacho Friedrich na Elizabeth hawakukiona.

Nisiwe mkali kupita kiasi, maana kuna mahali ambapo kurudishia kulifaa. Kenilworth, Uingereza, nayo ni ngome iliyobomolewa, na ndani yake palikuwa na bustani ambayo Robert Dudley aliitengeneza kwa ajili ya ziara ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1575. Shirika la English Heritage liliijenga upya na kuifungua 2009. Walikuwa na barua ndefu ya mtu wa wakati ule anayeieleza bustani kwa kina, na walipochimba wakakuta msingi wa chemchemi pale ilipotarajiwa. Juu ya ardhi hapakuwa na kitu cha maana cha kupoteza. Mizani pale ililalia upande mwingine.

Watu hudhani kutorudishia maana yake ni kukaa na kutazama. La hasha. Magofu huliwa kila siku. Jiwe jekundu la mchanga la Heidelberg hunywa maji, maji yakiganda wakati wa baridi yanapanuka na kulibandua jiwe ganda kwa ganda. Mbegu inayoangushwa na ndege kwenye ufa huota, na mzizi ukinenepa unasukuma mawe mawili mbali. Kwetu pwani, aliyefika magofu ya Gede, Kenya, ameona mizizi ilivyozikumbatia kuta za kale hadi hujui nani anamshikilia mwenzake. Ung'oe mti ghafla, ukuta unaanguka nao. Ukiuacha, unaupasua. Fundi mwenye busara huukata shina, huuacha mzizi ufe taratibu, kisha hujaza ufa kwa chokaa. Nasema chokaa kwa makusudi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini na hairuhusu unyevu kupita, kwa hiyo maji hukwama ndani na jiwe ndilo linalomomonyoka badala ya kiungo. Wazee wetu waliochoma matumbawe kupata chokaa wangeelewana na waashi wa Neckar bila mkalimani.

Rudini, dada yangu, na safari hii nendeni hivi. Mjini pitieni kwanza kuiona ile picha ya Fouquières, dakika kumi zinatosha kwa watoto. Kisha msipande treni ndogo ya mlimani, pandeni kwa miguu kutoka Kornmarkt, ngazi ni zaidi ya 300, ili miguu yao iujue mteremko. Mkifika juu, waulize: ardhi hii iliyo sawa imetoka wapi? Waacheni wafikirie kabla hujawajibu. Uani mwa ngome kunahitaji tiketi, lakini bustanini hakuna malipo. Watoto waambieni habari za yule mzee aliyejilaza bwawani: ni Mto Rhine uliochongwa kwa sura ya mtu, na maji yanayomzunguka ndiyo yaleyale ya mlimani ambayo de Caus alihangaika nayo. Tafuteni mlango wa pango kubwa ukutani, nyuma ya uwanja. Halafu nendeni hadi mwisho wa mashariki, kwenye kibaraza kinachoitwa Scheffelterrasse. Msitazame mto kwanza, kila mtu hutazama mto. Inameni kidogo ukingoni mtazame chini, kwenye matao marefu ya mawe yanayowabeba, na mwanao mdogo mshike mkono.